Si kila kinukiacho ni safi

Ukiingia dukani kununua karatasi ya shashi, msomaji mpenzi, utakuta rafu nzima inakuita. Kuna ile nyeupe isiyo na mapambo, kuna ya rangi ya waridi, na kuna ile ambayo pua huitambua kabla ya macho. Hiyo hunukia lavenda, ndimu au maua. Wengi wetu huinusa, tukatabasamu, tukaitia kikapuni. Twaamini kwamba kinukiacho vizuri ndicho kilicho safi zaidi, na kwamba wageni wakija choo chetu hakitatutia aibu.

Tamaa hiyo si ya jana. Kumbukumbu za China zaeleza kwamba mwaka wa 1393, enzi ya ukoo wa Ming, karatasi 720,000 za msalani zilitengenezwa kwa matumizi ya makao ya mfalme. Jamaa ya mfalme yenyewe ilitengewa nyingine 15,000, nene, laini, na zilizotiwa manukato. Hapa kwetu Pwani nako, akina mama wa Lamu na Mombasa wamefukiza nguo kwa udi na kutandaza asumini kitandani tangu zamani. Kupenda harufu nzuri si kosa. Jambo la kujiuliza ni hili: je, manukato hayo yanawekwa wapi, na yanagusa nini?

Harufu yatoka wapi?

Chukua msokoto mmoja wa shashi ya kunukia, uchane kipande, ukinuse mbali na msokoto. Huenda usihisi mengi. Sababu ni kwamba mara nyingi kiwanda hakilowanishi karatasi yenyewe. Manukato hutiwa kwenye lile bomba la karatasi ngumu lililo katikati, nayo hugeuka mvuke polepole na kupenya nje. Plastiki ya pakiti huuzuia mvuke huo usitoroke, ndiyo maana pakiti ikifunguliwa chumba kizima hunukia, kisha siku chache baadaye harufu hufifia. Isitoshe, pua nayo huzoea. Ukikaa dakika chache karibu na harufu, huihisi tena, ingawa bado ipo.

Hali ni tofauti kwa tishu zenye majimaji za kupangusia watoto, na kwa sodo zilizotiwa manukato. Humo manukato yamo ndani ya kitu chenyewe, nacho hukaa juu ya ngozi.

Mwasho ujao kesho kutwa

Neno moja "manukato" kwenye pakiti laweza kuficha viungo vingi vilivyochanganywa pamoja. Kwa watu wengi havina neno. Lakini kwa wengine ngozi huvikataa: hupata wekundu, vipele, mwasho na hata kuchubuka. Madaktari wa ngozi huvihesabu viungo vya manukato miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa ngozi.

Mzio wa aina hii una hila mbili. Kwanza, hauji papo hapo. Ngozi ikiguswa leo, mwasho waweza kuanza kesho au kesho kutwa, wakati ambapo wewe umekwisha kuisahau ile tishu na unalaumu sabuni au chakula. Pili, waweza kumpata mtu aliyetumia kitu kile kile kwa miaka mingi bila shida. Hata viungo vya asili si salama daima. Baadhi ya vile vinavyopatikana katika lavenda na ganda la chungwa, vikikaa hewani muda mrefu hubadilika na kuwa vikali zaidi kwa ngozi.

Umoja wa Ulaya uliliona jambo hili mapema. Tangu mwaka wa 2005 watengenezaji wa vipodozi huko walitakiwa kutaja kwa majina viungo 26 vya manukato kwenye pakiti, na sheria ya mwaka wa 2023 ikaongeza orodha hiyo kupita 80.

Kwa mama na binti

Hapa ndipo penye uzito zaidi. Ngozi ya sehemu za siri ni nyororo na hudhurika upesi kuliko ya mkono. Chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani, ACOG, huwashauri wanawake waepuke sodo zenye manukato. Damu ya hedhi si uchafu wa kufichwa kwa marashi. Kubadilisha sodo mara kwa mara na kujiosha nje kwa maji kwatosha.

Hatari nyingine ni kujitibu kwa kubahatisha. Msichana akiwashwa huona haya kusema, hununua dawa ya fangasi kwa siri, na huku anaendelea kutumia sodo ile ile inayomwasha. Mama, zungumza na bintiyo. Muulize anatumia nini. Mwasho ukiendelea, au kukiwa na majimaji yasiyo ya kawaida, mpeleke kliniki, na mbebe ile pakiti ili daktari aione.

Ukitaka nyumba inukie

Huhitaji kuacha manukato, yahamishe tu. Nunua shashi isiyotiwa kitu, kisha dondosha matone mawili ya marashi ndani ya bomba la katikati, uache likauke kabla ya kulitundika. Au funga karafuu na maganda makavu ya chungwa katika kitambaa, ukiweke kabatini zinamokaa karatasi. Asumini kavu nayo yafaa. Lakini iwapo nyumbani kuna mwenye pumu, punguza harufu kali za kila namna, hata moshi wa udi.

Dukani, soma pakiti. Maneno ya Kiingereza "fragrance free" humaanisha kwamba manukato hayakuongezwa. Neno "unscented" si sawa na hilo, kwani laweza kuwa na kiungo kilichotiwa ili kuficha harufu nyingine. Kwa mtoto mchanga, maji ya uvuguvugu na pamba au kitambaa safi hufanya kazi nzuri.

Na kama kuna mtu kwako anayejikuna bila sababu kujulikana, acheni vyote vyenye manukato kwa majuma machache muone. Choo chenyewe kitanukia kikisuguliwa kwa sabuni na dirisha likifunguliwa.