Ini Kwanza, Kisu Baadaye

Mwaka 2011 matabibu Grace Shayo na Ferdinand Mugusi walichapisha utafiti walioufanya katika wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, ukaonyesha kuwa katika watu wazima 1,249 waliopimwa, wanawake asilimia 24.7 walikuwa na unene uliopita kiasi, ilhali wanaume ni asilimia 9 tu. Si ajabu basi kwamba, tangu zienee habari za puto linalowekwa tumboni katika hospitali ya Mloganzila ili mtu apungue, watu huulizia pia upasuaji wa kulipunguza tumbo la chakula, na aghalabu hushangaa wakiambiwa wapungue kwanza: “Ningeweza kupungua, daktari, ningekuja kwako?”

Jawabu limo katika ini. Ini la mtu mnene mara nyingi hujaa mafuta likatanuka, na pande lake la kushoto hulifunika tumbo la chakula, hata mpasuaji apitishaye vyombo vyake katika matundu madogo hana budi kuliinua ndipo aione kazi yake. Nalo likiwa zito hulemea, na pengine huchanika likavuja damu. Majuma mawili ya chakula haba, wali na ugali vikiwekwa kando, hulipunguza, kwani sukari iliyohifadhiwa humo huondoka pamoja na maji yake, na mafuta nayo hufuata. (Mwenye kisukari atumiaye insulini asijaribu hayo bila ya tabibu wake kumrekebishia dawa.)

Huko Marekani na Kanada, hesabu za wagonjwa 480,075 waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, zilizochapishwa mwaka 2020, zilionyesha vifo 511 ndani ya siku 30. Na waliopungua kabla ya upasuaji, hata kwa chini ya asilimia 5 ya uzito wao, hatari yao ya kufa ilikuwa ndogo kwa asilimia 24 kuliko wasiopungua, na waliofikia asilimia 10 au zaidi, kwa asilimia 42. Yamkini baadhi yao walikuwa na siha njema tangu awali. Ama uzito wa miaka ya baadaye, tafiti hazipatani kama kupungua kwa mwanzo huubashiri. Kwa hiyo siafiki kabisa kumrudisha mgonjwa nyumbani kwa kuwa mizani imekataa kushuka, kana kwamba alikuwa akitahiniwa nia.

Yaliyo mazito huja baada ya upasuaji: vitamini na madini ya chuma maisha yote, majirani wanaomzushia maradhi kila aliyekonda ghafla, na, kwa mwanamke, kuahirisha mimba mwaka mmoja au mwaka na nusu, sharti ambalo katika nyumba zetu humhusu mume, na mama mkwe pia.