Kodi ya Kaboni: Chenji Irudi kwa Mwananchi

Hewa haina mwenyewe. Ni ya wote. Anayeichafua kwa moshi wa petroli au makaa ya mawe anatumia mali ya wote, na kodi ya kaboni ndiyo malipo ya matumizi hayo. Basi fedha hizo zikigawiwa wananchi kwa usawa, si sadaka bali ni haki yao. Kanada ilianza kufanya hivyo mwaka 2019 katika majimbo yasiyokuwa na mpango wake wa kutoza kaboni. Kodi ilianzia dola 20 za Kanada kwa tani ya kaboni dioksidi, ikafika 80 mwaka 2024, na takriban asilimia 90 ya makusanyo ilirudi kwa kaya. Tajiri mwenye magari matatu alilipa kodi nyingi, mpangaji anayepanda basi akalipa kidogo. Lakini katika jimbo moja, familia zenye ukubwa sawa zilipata mgao sawa wa msingi.

Wapo wanaouliza: kama fedha zinarudi, kodi ina faida gani? Faida ipo, kwa kuwa mgao hautegemei mafuta uliyochoma. Ukiliacha gari nyumbani, kodi inapungua na mgao unabaki palepale. Wengine huwatetea watu wa vijijini, wasio na basi. Hoja hiyo ni nzito, ndiyo maana Kanada iliwapa nyongeza. Hata hivyo, Aprili 2025 kodi hiyo ya mafuta iliondolewa. Bei ya petroli ilionekana kila siku kituoni, ilhali mgao uliingia benki kimyakimya kila baada ya miezi mitatu. Haki isiyoonekana hukosa watetezi. Serikali yoyote itakayoufuata mpango huu, imwoneshe mwananchi chake waziwazi.