Pesa za Afya: Zinatoka Wapi, Zinaishia Wapi?

Kibera na Kawangware swali ni moja. Mama anapanga foleni tangu asubuhi na mtoto mgongoni, halafu anaambiwa, "Dawa hakuna, kanunue dukani." Naye anauliza: kwani pesa za serikali ziko wapi? Tujaribu kueleza.

Tangu 2013, kufuatana na Katiba ya 2010, zahanati na vituo vya afya viko chini ya kaunti. Serikali kuu imebaki na sera na hospitali kubwa za rufaa kama Kenyatta.

Pesa zinaingia kwa njia kadhaa, zikiwemo hizi tatu. Ya kwanza ni mgao wa Serikali kuu. Katiba inataka kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lakini mgao huo hauji umeandikwa "dawa". Bunge la kaunti ndilo linalopitisha kiasi cha afya, cha barabara na cha mishahara.

Ya pili ni ruzuku zenye masharti, za Serikali kuu au za wafadhili. Hizi zina kazi yake maalum.

Ya tatu ni malipo ya wagonjwa na bima. Sheria ya 2023 inasema pesa hizo zibaki kituoni, tena ziwe nyongeza juu ya bajeti ya kaunti.

Shida iko wapi? Mfadhili anaweza kuondoka. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ghafla, na miradi mingi ya ukimwi ikatikisika. Anayemeza dawa kila siku hawezi kungoja wakubwa waelewane. Hata wahamasishaji wa afya ya jamii, mpango wa 2023 uliwawekea shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu Serikali kuu, nusu kaunti. Upande mmoja ukichelewa, anayetembelea wagonjwa wetu ndiye analala njaa.

Basi tufanye nini? Makadirio ya bajeti hufikishwa Bunge la kaunti kabla ya Mei kila mwaka, na Katiba inataka wananchi washirikishwe. Kila jumuiya ndogo ndogo ichague watu wawili watatu waende kwenye mikutano hiyo, wakiwa na maswali haya:

1. Kituo chetu kimewekewa pesa ngapi?
2. Mwaka jana zilifika ngapi?
3. Kamati ya kituo ni akina nani, na hukutana lini?

Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya jumuiya. Kuuliza si ujinga, na pesa hizi ni kodi yetu sote, hata ya mama anayeuza sukuma wiki.