Babu aliyekufa vitani: jina lake unaweza kulitafuta kwa simu

Kwenye makaburi ya Wakatoliki ya Steenbergen, mji mdogo wa Uholanzi, amezikwa Guy Gibson, ofisa wa Jeshi la Anga la Uingereza. Ndiye aliyeongoza ndege zilizolipua mabwawa ya Ujerumani Mei 1943. Septemba 19, 1944 usiku, ndege yake ilianguka hapo. Alikuwa na miaka 26. Mji huo una mtaa wenye jina lake, na Jim Warwick, msoma ramani aliyekufa naye, ana wake.

Hao wawili walipata kaburi. Vijana wa ndege za mabomu za Uingereza waliokufa vita ile ni zaidi ya 55,000, na wengi hawakupatikana kabisa. Hata hivyo majina hayakupotea. Mnara wa Runnymede, nje kidogo ya London, umechongwa majina zaidi ya 20,000 ya wanaanga wasio na kaburi.

Huku kwetu Ziwa Nyasa mambo yalikwenda tofauti. Vita ya Kwanza ilifika Liuli Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoipiga mizinga Hermann von Wissmann ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa hata na habari kwamba vita imeanza. Kisa hiki watu hukisimulia kwa kucheka.

Kilichofuata si cha kucheka. Vita ilipopanda kuelekea Songea, magari yalikuwa machache na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Mizigo ikabebwa kichwani na wapagazi, pande zote mbili. Walikufa kwa kuhara damu, njaa na uchovu kuliko kwa risasi, wakazikwa njiani. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyowekwa 1927, inawakumbuka kwa ujumla tu. Jina la mtu hata mmoja halipo.

Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Miaka 100 baadaye, lakini angalau wamesema.

Kwa hiyo kama babu wa babu yako alikuwa mpagazi, nafasi ya kumpata ni ndogo. Kama alikuwa askari wa KAR aliyekufa Vita ya Pili, usikate tamaa. Mnara wa Afrika Mashariki uliopo Nairobi, kwa mfano, una majina ya wapiga mizinga waliozama na meli Khedive Ismail Februari 12, 1944, wakielekea Ceylon.

Orodha ya Tume ipo mtandaoni, bure. Tovuti ni ya Kiingereza, ila kutafuta ni rahisi: andika jina, chagua vita, kikosi weka King's African Rifles.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Usitafute Mbinga wala Nyasa. Enzi hizo huku kote kulikuwa wilaya ya Songea, na Wilaya ya Nyasa imezaliwa juzi tu, 2012. Kama alivuka ziwa akajiandikisha upande wa pili, jaribu Nyasaland. Jina nalo lilisikika na karani Mzungu, akaliandika alivyolisikia: badilisha R na L, toa herufi, ongeza herufi. Askari wengi wameandikwa jina moja tu, kwa hiyo kabla ya kushangilia linganisha jina la baba kama lipo, na mwaka aliokufa.

Na kama kuna bibi nyumbani anayekumbuka babu aliitwaje kabla ya kubatizwa, muulize wiki hii. Huenda jeshini alijiandikisha kwa jina hilo.