Kilichomo Ndani ya Mpira wa Gofu

Leo twataka kuzungumza juu ya kitu kidogo ambacho labda wengi wenu hamjapata kukishika mkononi, nacho ni mpira wa gofu. Ni mpira mweupe, mgumu, upana wake yapata sentimeta 4 na robo, na uzito wake haupiti gramu 46. Vishimo vilivyojaa juu yake si pambo, bali huusaidia kwenda mbali hewani. Wachezaji huupiga kwa fimbo ndefu, katika viwanja kama vya Gymkhana na Lugalo mjini Dar es Salaam.

Mwanafunzi wetu mmoja aliletewa mpira wa namna hii na mjomba wake akaaye Dar es Salaam, ukiwa bado katika kikasha chake. Akauleta darasani. Wenziwe wakaugeuza-geuza, wakaudundisha sakafuni, kisha wakauliza, “Mwalimu, mna nini humo ndani?”

Swali lilikuwa jema, lakini sisi tulikosea katika kulijibu. Tulimruhusu kijana autie chini uwanjani, aushike kwa mguu, aupige kwa panga. Panga likateleza juu ya gamba lile gumu, likazama ardhini upana wa vidole viwili tu kutoka mguuni mwake. Sote tukanyamaza kimya. Ndipo tulipotambua ya kuwa mwalimu amsifuye mtoto kwa kuuliza, hana budi kumfundisha pia njia njema ya kulitafuta jibu. Hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Kupasua mpira ili kujua kilichomo si jambo geni katika nchi hii. Zamani, katika misitu ya bara ya Kilwa na Lindi, watu walitafuta mmea utambaao uitwao mtoria, ambao watoto waujua kwa matunda yake matamu. Walichanja gome lake, wakapata utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu ule ulipoganda, waliuvuta ukawa nyuzi, wakazizungusha nyuzi hizo mpaka zikawa donge la mviringo. Biashara hii ilikua sana tangu miaka ya 1870. Bwana John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, aliushughulikia sana mmea huo, na wataalamu wakatia jina lake katika jina lake la kitaalamu, Landolphia kirkii.

Madonge yale yaliuzwa kwa uzito. Kwa hiyo wako waliotia jiwe au mchanga katikati, na wanunuzi nao wakajifunza kuyakata kabla ya kulipa. Baadaye mashamba makubwa ya mipira ya Asia yalijaza masoko ya dunia, na mwaka 1913 bei ikaanguka, biashara ya mtoria ikafifia. Lakini lugha yetu haikusahau: hata leo utomvu ulioganda twauita mpira, na kitu cha kuchezea twakiita mpira vilevile.

Sasa sikilizeni ajabu. Mwaka 1898, katika mji wa Akron huko Marekani, Bwana Coburn Haskell alifikiri kuzungusha uzi wa mpira, hali umevutwa kwa nguvu, mpaka upate kuwa mpira wa gofu. Kabla yake wachezaji walikuwa wametumia mipira ya ngozi iliyoshindiliwa manyoya ya ndege, na tangu mwaka 1848 mipira ya utomvu mgumu wa miti ya Malaya. Mpira wa Haskell uliishinda yote kwa kwenda mbali. Kwa umbo lake, ulikuwa ndugu wa donge la mtoria.

Lakini tofauti ilikuwapo, na ndani ya tofauti hiyo ndimo ilimo hatari. Uzi wa mtoria ulizungushwa tu, lakini uzi wa mpira wa gofu ulizungushwa hali umevutwa. Fikirini upinde uliovutwa mshale ukiwa tayari. Hausogei, wala hautoi sauti, walakini nguvu ya mkono wa mwindaji imo ndani yake, ikingoja kufunguliwa. Mpira ule una maelfu ya mizunguko ya uzi, na kila mzunguko wataka kurudi katika urefu wake wa kwanza. Wote pamoja wakibana kiini kilichomo katikati. Ukiukata uzi ghafula, nguvu hiyo yatoka mara moja.

Na kiini chenyewe mara nyingi kilikuwa kifuko kidogo cha mpira kilichojazwa kioevu. Mafundi wengine walitia maji, wengine asali, wengine sabuni, na wengine walitia dawa kali ziunguzazo. Kifuko kilichobanwa hivyo kikitobolewa kwa kisu, kioevu huruka juu kama mshale, na mara nyingi uso wa aliyeinama kutazama ndio uliokipokea. Tangu mwanzo wa karne ya 20, madaktari wa Uingereza na Marekani waliandika habari za watoto walioumia macho kwa njia hiyo, na wengine hawakuona tena sawasawa.

Mipira ya siku hizi si ya nyuzi. Tangu miaka ya 1960 viwanda vilianza kutengeneza kiini kigumu kisicho na kioevu, na kwa sasa karibu mipira yote mipya ni ya namna hiyo. Hata hivyo mipira ya nyuzi ilitengenezwa mpaka mwisho wa karne ya 20, na mingine ingali imelala katika vichaka na makasha ya zamani. Kwa kuitazama nje tu huwezi kuitambua. Basi kanuni zetu ni hizi.

Kwanza, mpira wa kuokotwa au wa zamani usikatwe kabisa. Ukatwe ule tu ujulikanao kuwa mpya.

Pili, usishikwe kwa mkono wala kwa mguu. Ubanwe katika jiliwa ya seremala, naye mtu mzima ndiye akate.

Tatu, kisu na panga viwekwe mbali. Utumike msumeno wa chuma wenye meno madogo, polepole, mpira usipate moto.

Nne, mkataji avae miwani ya kukinga macho, asiinamishe uso juu ya mpira, na watazamaji wasimame mbali hatua kadha.

Tano, nyuzi zikionekana chini ya gamba, kazi ikome hapo hapo. Usitafute kiini.

Ikiwa kwa bahati mbaya kioevu kimemwingia mtu jichoni, asilifikiche, wala asitiwe dawa yo yote ya nyumbani. Jicho lioshwe mara moja kwa maji safi mengi, yakitiririka kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe hospitali upesi, na mpira wenyewe upelekwe pamoja naye ili mganga aone.

Sisi tulirudi kwa seremala na mpira wetu. Kazi ilichukua karibu nusu saa, na vijana walilalamika kwa kungoja. Vipande vilipoachana, tuliona gamba jeupe, jembamba kuliko walivyodhani, na ndani yake kiini kimoja kigumu kilichojaa, kama yai lililochemshwa. Hapakuwa na uzi wala kioevu. Yule kijana wa panga aliweka kidole juu ya kiini, akakaa kitambo, kisha akauliza, “Mwalimu, ikiwa hakuna uzi uliovutwa, mbona waruka sana?”

Hilo ni swali la mazungumzo mengine. Vipande viwili viko dirishani mwa darasa letu, na miguu yake miwili ingali mizima.