Nyuma ya Shujaa Yupo Msaidizi

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ndugu msomaji, mwombe mwanao akuazime kile kitabu chake cha katuni za mashujaa wa Kimarekani, nawe utaikuta methali hiyo imechorwa kwa rangi. Mbele kabisa amesimama shujaa, kifua wazi, joho likipepea. Ubavuni pake, au hatua mbili nyuma, yuko mwingine mwenye umbo dogo zaidi, ambaye jina lake huandikwa baada ya jina la mkubwa wake, na pengine haliandikwi kabisa. Huyo ndiye msaidizi.

Aghalabu sisi wazazi humpita msaidizi huyu bila kumtupia jicho. Lakini mtoto asomaye humtazama sana, maana yeye mwenyewe ni mdogo na anaishi miongoni mwa wakubwa. Kitabu cha shujaa humfundisha mtoto habari za nguvu. Habari za msaidizi humfundisha namna mwenye nguvu anavyopaswa kumtendea aliye chini yake. Somo hili la pili ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

ALIANZAJE?

Shujaa aitwaye Batman alitokea mara ya kwanza mwezi Mei 1939, katika toleo la 27 la gazeti la katuni la Marekani liitwalo Detective Comics. Kwa karibu mwaka mzima alitembea usiku peke yake akiwasaka wahalifu. Hapo watunzi wake wakakumbana na shida ambayo kila mtunzi wa hadithi huijua: mtu aliye peke yake hana wa kusema naye. Asiposema, msomaji hawezi kujua anawaza nini, na akisema peke yake, ataonekana kama mwenda wazimu. Mwandishi Bill Finger alieleza baadaye kwamba alihitaji mtu wa kuwa kwa Batman kama Watson alivyokuwa kwa mpelelezi Sherlock Holmes.

Basi katika toleo la 38, la Aprili 1940, akaingia kijana Robin. Jina lake halisi ni Dick Grayson, mtoto wa wanasarakasi. Wazazi wake walianguka na kufa baada ya majambazi kuziharibu kamba za bembea yao, kwa sababu mwenye sarakasi alikataa kuwalipa hongo ya ulinzi. Batman, ambaye naye aliwapoteza wazazi wake mikononi mwa mhalifu, akamchukua yatima huyo, akamlea na kumfunza kazi. Jina la Robin lilipendekezwa na mchoraji Jerry Robinson, akimkumbuka Robin Hood wa hadithi za Kiingereza.

Kuja kwa Robin kulileta faida tatu. Kwanza, Batman alipata wa kuzungumza naye. Pili, msomaji mdogo alipata kiti chake ndani ya hadithi. Hawezi kujidhania kuwa mtu mzima tajiri mwenye jumba, lakini kuwa Robin anaweza. Tatu, shujaa mwenyewe alipata utu, kwa kuwa mtu mwenye mtoto wa kumtunza hawezi kuwa na hasira tu. Haikuchukua muda watunzi wengine wakafuata njia hiyo. Kufikia mwaka 1941 Human Torch alikuwa na kijana wake Toro, Green Arrow alikuwa na Speedy, na Captain America, ambaye jalada la kitabu chake cha kwanza lilimwonyesha akimtandika Hitler ngumi, alikuwa na Bucky.

MTUMISHI AU MWENZI?

Hata hivyo, si kila msaidizi aliyepewa nafasi ya mwana. Wako waliopewa nafasi ya mtumishi tu, na hao aghalabu walikuwa watu weusi.

Mwaka 1934 mtunzi Lee Falk alianzisha katuni ya magazetini ya mwanamazingaombwe Mandrake. Msaidizi wake aliitwa Lothar, Mwafrika mwenye nguvu zisizo kifani. Katika hadithi huambiwa kwamba Lothar alikuwa mwana wa mfalme, naye akaacha enzi yake ili aandamane na Mandrake. Hebu pima jambo hilo, ndugu msomaji: mwana wa mfalme anaacha watu wake akambebee mwingine mizigo! Mandrake alivaa suti nyeusi na kofia ndefu, Lothar akavalishwa ngozi ya chui na tarabushi, na Kiingereza chake kikaandikwa kimevunjikavunjika. Hali hiyo iliendelea kwa muda wa miaka thelathini hivi. Ni baada ya mwaka 1965, alipoingia mchoraji mpya, Fred Fredericks, ndipo Lothar alipovikwa nguo za kawaida na kupewa lugha iliyonyooka. Tangu hapo akawa rafiki.

Mfano mwingine ni wa mchoraji mashuhuri Will Eisner. Katuni yake ya The Spirit ilianza Juni 1940, nayo ilitolewa kama kijalida ndani ya magazeti ya Jumapili. Msaidizi wa shujaa alikuwa kijana mweusi aitwaye Ebony White. Alikuwa hodari na mwenye moyo, na mara nyingine hadithi nzima ilikuwa yake. Lakini uso wake ulichorwa kwa dhihaka, midomo mikubwa kupita kiasi, na maneno yake yakaandikwa ya kuchekesha. Hapa tunaona kwamba msaidizi anaweza kupewa kazi nyingi na bado akanyimwa heshima.

Badiliko kubwa lilikuja Septemba 1969. Katika toleo la 117 la Captain America, Stan Lee na mchoraji Gene Colan walimleta Sam Wilson wa mtaa wa Harlem, New York, aitwaye Falcon, yaani kozi. Huyu alikuwa mtu mzima, mwenye akili yake na mtaa wake wa kuutetea. Kuanzia mwaka 1971 hadi 1978 jina lake liliandikwa kwenye jalada pamoja na la Captain America. Mwaka 1974 alipata mabawa yaliyotoka Wakanda, ile nchi ya Kiafrika ya kubuniwa. Na mwaka 2014, Captain America alipozeeka, ngao yake alikabidhiwa Sam Wilson. Kutoka ngozi ya chui ya Lothar hadi ngao ya Sam Wilson ilipita miaka themanini.

STELINGI HAFI

Watoto wa mitaani kwetu wana kanuni yao waliyoipata kwenye sinema: stelingi hafi. Kanuni hiyo ina upande wa pili usiosemwa sana, nao ni kwamba anayekufa ni rafiki wa stelingi. Msaidizi hufa ili shujaa apate sababu ya kulia na kulipiza kisasi.

Bucky alitangazwa kuwa amekufa katika kitabu cha mwaka 1964, ambamo ilielezwa kwamba alilipuka na ndege mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Mwandishi wake, Stan Lee, hakupenda wasaidizi watoto. Miaka miwili kabla ya hapo, alipomtunga Spider-Man pamoja na mchoraji Steve Ditko, alikwisha kumfanya kijana wa shule kuwa shujaa mwenyewe, asiye na bwana juu yake. Naye Speedy alipatwa na jambo la kuhuzunisha zaidi. Mwaka 1971 mwandishi Dennis O'Neil na mchoraji Neal Adams walimwonyesha akiwa mtumwa wa dawa za kulevya, heroini, wakati mlezi wake Green Arrow akihangaika huku na huko kuokoa walimwengu. Mzazi au mlezi mwenye shughuli nyingi asisome hadithi hiyo haraka haraka.

Lakini kisa kinachozidi vyote ni cha mwaka 1988. Wakati huo Dick Grayson alikwisha kukua, na Robin wa pili, Jason Todd, alikuwa kijana mwenye hasira ambaye wasomaji wengi hawakumpenda. Kampuni ya DC ikawauliza wasomaji wenyewe: afe au aishi? Zikatangazwa namba mbili za simu, moja ya uhai na moja ya mauti, na kila aliyepiga alilipa senti 50 za Kimarekani. Simu 5,343 zilitaka afe, na simu 5,271 zilitaka aishi. Tofauti ilikuwa 72 tu. Basi Jason akauawa.

Hadithi ile iliwekwa Ethiopia. Jason alikuwa amefika huko kumtafuta mama yake mzazi, aliyekuwa akifanya kazi ya misaada kwa watu wenye njaa. Adui aitwaye Joker akampiga kwa mtaimbo na kuwalipua yeye na mama yake ndani ya ghala. Nchi ya Kiafrika, iliyokuwa imetoka tu katika njaa kali ya mwaka 1984 na 1985, ikageuzwa jukwaa la kifo cha kijana wa Marekani. Ni kweli kwamba Bucky na Jason wote wawili walirudishwa mwaka 2005, maana katika vitabu hivi kaburi halina kufuli. Hata hivyo wote walirudi wakiwa na uchungu, mmoja akiwa muuaji wa kutumwa na mwingine akimdai Batman haki yake.

KUKUA NI HAKI

Je, msaidizi hana mwisho mwema? Anao, nao ni kukua. Mwaka 1964 Robin alikutanishwa na wasaidizi wenzake wawili, Kid Flash na Aqualad, wakafanya kazi bila wakubwa wao. Mwaka uliofuata, baada ya Wonder Girl kuongezeka, kundi lao likaitwa Teen Titans. Wasaidizi hao wakawa na chama chao, wakashauriana wenyewe na kukosea wenyewe. Hatimaye, mwaka 1984, Dick Grayson akaivua nguo ya Robin na kuchukua jina lake mwenyewe, Nightwing. Ilimchukua miaka arobaini na minne kutoka chini ya joho la mlezi wake, lakini alitoka kwa miguu yake, bila kuuawa wala kufukuzwa.

Kadhalika mwaka 1989 alipoletwa Robin wa tatu, Tim Drake, hoja iligeuzwa. Kijana huyu hakuja kuomba hifadhi. Alikuja kumwambia Batman kwamba bila Robin ameharibika, amekuwa mkali asiyejitunza. Hivyo ikakubaliwa waziwazi kwamba mkubwa naye anamhitaji mdogo.

MSAIDIZI ALIYESAHAULIWA KWELI

Sasa turudi kwa yule Bill Finger, kwani kisa chake kilitokea kwa watu wa kweli. Batman alijulikana kwa miaka mingi kuwa kazi ya mchoraji Bob Kane peke yake. Lakini Kane alipoleta mchoro wake wa kwanza, shujaa alikuwa na nguo nyekundu na mabawa magumu. Finger ndiye aliyeshauri joho, kofia yenye masikio na rangi ya kijivu, naye ndiye aliyeandika hadithi ya kwanza. Hata hivyo mkataba ulikuwa wa Kane, na jina likawa la Kane. Finger alifariki mwaka 1974 bila jina lake kuwekwa pale. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1989, Kane alikiri kwamba mwenzake alistahili kutajwa. Ni mwaka 2015 tu, baada ya juhudi za mjukuu wa Finger na za mtafiti mmoja, ndipo kampuni ilipokubali kuandika kwamba Batman aliumbwa na Bob Kane pamoja na Bill Finger. Mtu aliyemtungia shujaa msaidizi alikuwa yeye mwenyewe msaidizi asiyetajwa, kwa miaka sabini na sita.

NA KWETU JE?

Fasihi yetu nayo inamjua mtu wa pili. Wasomaji wa Muhammed Said Abdulla wanamkumbuka Bwana Msa na rafiki yake Najum, ambaye huuliza yale ambayo sisi wasomaji tungeuliza. Walioishi miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970 wanamkumbuka pia Lance Spearman wa vile vitabu vya picha, pamoja na Sonia na yule kijana Lemmy. Hawa si mashujaa wenye kupaa, lakini kazi ya mtu wa pili ni ileile.

Na nje ya vitabu tunao tele. Dereva wa lori ana utingo wake, na mwashi ana saidia fundi anayechanganya saruji tangu alfajiri. Ukuta ukikamilika, watu husema nyumba imejengwa na fundi fulani. Hakuna ubaya katika kuanza chini. Kazi hujifunzwa hivyo. Ubaya ni pale fundi anapomweka kijana miaka kumi kwenye zege bila kumkabidhi mwiko.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, huna haja ya kumnyang'anya mwanao kitabu chake. Kaa naye, umwulize maswali machache. Huyu wa nyuma anaitwa nani? Husema kwa akili yake au huitikia tu? Akikosea hufunzwa au huachwa? Akiumia, nani humuuguza? Na je, kitabu kinamwacha akue? Usishangae mtoto akijibu kwa haraka kuliko ulivyotazamia. Na endapo nyumbani mwako au kazini kwako yupo kijana anayekusaidia kila siku, maswali hayohayo mtoto anaweza kuyarudisha kwako, nawe yakupasa uwe na jibu.