Maji ya Mathare Hupita Kwetu

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024, simu ililia nikiwa nimelala nyumbani kwangu upande wa Kibwezi, kaunti ya Makueni. Alikuwa binti yangu, kifungua mimba, anayeishi Mathare, Nairobi. Hakunisalimia. "Mwaitu (yaani mama, kwa Kikamba), maji yameingia ndani. Yamefika kwenye godoro."

Nilimuuliza mambo matatu. Mtoto unaye? Bahasha unayo? Unaelekea wapi? Akajibu: ninaye, ninayo, kanisani. Nikamwambia, "Basi kata simu, tembea."

Hatukuongeza neno kwa sababu hapakuwa na la kuamua. Tulikuwa tumeyaamua yote Krismasi iliyotangulia, tumekaa chini ya mwembe tukichambua ndengu. Mtu akiamshwa na maji hafikiri. Hufanya lile alilokwisha kukubaliana nalo akili ikiwa imetulia. Hilo ndilo ninalotaka kila nyumba ya Ukambani yenye mtoto mjini ilijue, na karibu kila nyumba yetu inaye mtoto mjini. Tumezoea kuwaambia, "Mambo yakiharibika huko, njoo nyumbani." Tunasema kwa upendo, lakini anayeambiwa hajui atoke saa ngapi, apite njia gani, wala akifika atakuta nini.

Kioo cha dirisha

Mimi nilijifunza haya nikiwa bado msichana. Tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa nauza vitambaa kwenye duka la ghorofani, mwendo mfupi kutoka makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Saa nne na nusu za asubuhi zilikuwa zimepita kidogo tuliposikia mlio, kama wa guruneti au risasi. Wenzangu wawili walikimbilia dirishani waone kuna nini. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya kaunta nikivuta jora la kitenge. Kisha bomu lenyewe likalipuka.

Watu 213 walikufa Nairobi siku ile, na maelfu wakajeruhiwa. Wengi walipoteza macho kwa namna ile ile niliyoiona: mlio wa kwanza uliwavuta kwenye vioo, mlipuko mkubwa ukawakuta hapo. Tangu siku hiyo nimewafundisha watoto wangu kwamba mlio usioujua ukitokea, mgongo kwa dirisha, shuka chini, nenda penye ukuta mnene.

Lakini kilichonitesha baadaye ni mama yangu. Yeye alikuwa kwetu Ikutha, ng'ambo ya Mto Athi, kaunti ya Kitui. Alisikia habari redioni, akakaa siku tatu bila kujua kama niko hai, mpaka utingo wa basi alipompelekea ujumbe wangu. Leo kila mtu ana simu, ila siku ya msiba mkubwa mitandao hulemewa, kwa kuwa watu wote hupiga kwa wakati mmoja. Ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingi hupenya pale simu inapokataa. Kwa hiyo familia yetu ina mtu mmoja wa kupokea habari, naye hakai Nairobi: ni dada yangu wa Ikutha. Kila aliye mjini humwandikia yeye maneno machache: niko hai, niko mahali fulani, naelekea mahali fulani. Sisi wengine tunamuuliza dada, na hatuwamalizii chaji walio hatarini. Namba yake imeandikwa pia kwenye karatasi, maana simu ikizima, namba zote huzima nayo.

Kuondoka au kukaa

Watu wakisikia hatari, wengi hufikiria mbio tu. Kukaa nako ni kujiokoa. Kinachotakiwa ni kujua hatari ipi inadai nini.

Maji yanadai mtu apande juu, tena mapema. Mathare ni bonde, na Barabara ya Juja inapita juu yake, kwa hiyo tulichagua kanisa la upande huo. Binti yangu alikuwa amependekeza ghorofa ya jirani iliyo karibu zaidi na mlango wake. Nilikataa kwa sababu imejengwa ukingoni mwa mto. Huko Huruma, Aprili 2016, jumba la ghorofa sita lilianguka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Ghorofa iliyo kando ya mto si kilima. Tukaitembea njia ile mchana, kisha akaitembea mwenyewe usiku akiwa na tochi, akahesabu mitaro iliyo wazi.

Gesi ikinuka, usiwashe wala usizime chochote, hata taa. Toka, uende kule upepo unakotokea. Risasi na ghasia zinadai mtu abaki ndani, mbali na mlango na madirisha, mpaka barabara zitulie. Na ugonjwa wa kuambukiza unaweza kudai ukae miezi. Tarehe 6 Aprili 2020, serikali ilipotangaza kufunga njia za kuingia na kutoka Nairobi kwa ajili ya korona, amri ilianza saa moja ya jioni ile ile. Binti yangu alitaka kukimbilia stendi. Tulihesabu kwanza: alikuwa na unga wa wiki mbili, mitungi miwili ya maji yenye vifuniko, dawa za mtoto za pumu, na pesa kidogo kwenye M-Pesa. Akakaa. Njia zilifunguliwa tarehe 7 Julai. Hakuleta ugonjwa kwa bibi yake mzee, naye hakukesha barabarani akirudishwa na polisi.

Bahasha niliyomuuliza usiku ule ni ya plastiki nzito, inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Ndani mna kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto, nakala ya cheti cha shule, noti ndogo ndogo, na karatasi ya namba. Kando yake uko mkoba wenye tochi, redio ndogo, dawa za wiki moja, leso mbili, nguo za mtoto na chupa ya maji. Ukiweza, kabla maji hayajaingia, zima umeme kwenye swichi kuu na ufunge mtungi wa gesi. Yakishaingia, usiguse kitu cha umeme. Televisheni iache. Sufuria ziache. Wengi hufa wakirudi kuchukua kitu.

Mto mkavu

Asubuhi baada ya usiku ule wa maji, binti yangu alitaka kupanda basi aje Kibwezi siku hiyo hiyo. Nilimwambia asubiri, na alilia. Moyo uliniuma, lakini sikubadili neno.

Mgeni akipita Kitui na Makueni wakati wa kiangazi huona mito ya mchanga, ng'ombe wakivuka, akina mama wakichimba visima vya maji katikati yake. Haamini kwamba huo ni mto. Mvua ikinyesha milimani, mbali kabisa na macho yake, maji hushuka kama ukuta, na mahali pakavu saa sita panaweza kumzamisha mtu saa saba. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya na wenzao waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika karibu na Mwingi. Likapinduka majini, na watu zaidi ya 30 wakafa huku wengine wamesimama ukingoni wakitazama. Hakuna aliyetoka nyumbani siku ile akijua anaelekea kwenye hatari. Walikuwa wanaenda kuimba.

Maji yanayokwenda kasi, yakifika sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kubeba gari dogo, na 60 huchukua magari mengi makubwa kuliko hilo. Na chini ya maji ya udongo huoni kama barabara bado ipo. Basi anayetoroka mafuriko ya mjini asikimbilie mafuriko ya njiani. Dereva akisema atajaribu, shuka. Lala ng'ambo, hata kama ni chini ya mti. Binti yangu alikaa kanisani siku sita, akaja njia zilipokauka.

Nyumba inayopokea

Mafuriko ya msimu ule yaliua karibu watu 300 nchini. Tarehe 29 Aprili, kule Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na uchafu kwenye tundu la chini ya reli yalipasua njia usiku na kuwachukua watu wakiwa wamelala. Siku tatu baadaye serikali iliwaagiza wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi 178 za maji wahame ndani ya saa 24. Kwa aliyejiandaa, saa 24 ni nyingi. Kwa asiyejua aende wapi, ni mchana mmoja wa kubeba kitanda kichwani.

Nasi tunaopokea tuna kazi yetu. Nyumba yangu ina watu watatu. Mwezi ule ikawa na tisa. Mashirika ya misaada huhesabu lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Watu tisa ni mitungi saba ya lita 20, kila siku. Tangi lilinisaidia, lakini mvua kubwa huchafua visima, na choo cha shimo kikifurika, kipindupindu hakiko mbali. Kwa hiyo tulichemsha kila tone la kunywa. Tulikula muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na ndengu za mavuno ya Februari. Kama ningeziuza zote kwa dalali, sijui tungekula nini.

Katika mwethya wetu, kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi, tumeandika orodha ya wasioweza kujitoa: bibi mmoja haoni, kijana mmoja anatumia kiti cha magurudumu, mama wawili wana watoto wachanga. Kila mmoja ana watu wawili waliopewa jukumu la kumfikia, wakiwa na jina la mahali pa kumpeleka. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, tumeiandika kwa makaa kwenye ukuta wa kinu cha kusagia. Na redio zetu za Kikamba tunazisikiliza kwa ajili ya utabiri pia, hatungoji nyimbo tu.

Mto Mathare huingia Mto Nairobi, na Mto Nairobi huingia Athi, nao Athi hushuka kati ya Makueni na Kitui hadi baharini karibu na Malindi, ukiwa umebadili jina kuwa Galana, kisha Sabaki. Wiki ile ya mafuriko nilisimama kwenye daraja la barabara ya Kibwezi kwenda Kitui. Maji yalikuwa mekundu, yakipiga kelele, na yalibeba mtungi wa njano, kiatu kimoja cha mtoto, na kipande cha godoro. Sikujua ni vya nani. Nilijua tu vilikotoka.

Mvua zetu kubwa huanza Oktoba. Kila Septemba, binti yangu hunipigia simu akiwa amesimama karibu na ule msumari, anafungua bahasha, ananisomea kimoja kimoja kilichomo. Nami huku Kibwezi ninagonga tangi kwa kijiti, nikisikiliza limejaa mpaka wapi.